Dagaa si mtoto wa sangara: filamu fupi ya katuni na ndefu iliyotokana nayo

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hakuna mchuuzi atakayekuambia dagaa anaowauza ni sangara wachanga. Dagaa wa Ziwa Victoria ni aina kamili ya samaki, na udogo ndio umbo lake. Lakini ukipanda mjini, kwenye vibanda umiza na maduka ya kuingiza muvi kwenye flashi, filamu fupi ya katuni bado inaonekana kama kitu ambacho hakijakua.

Dhana: Fupi ni trela ya ndefu.
Trela hukatwa kutoka kwenye filamu. Fupi hutangulia, tena huwa imemaliza kisa chake. Shane Acker alitoa *9* mwaka 2005, dakika 11 hivi, ikateuliwa kuwania Oscar ya katuni fupi. Ndefu yenye jina hilohilo, ya dakika 79, ilitoka 2009.

Dhana: Ndefu ni fupi iliyovutwa.
Hapa ndipo wengi hukwama. Kwa fremu 24, yaani picha mojamoja zinazounda filamu, kila sekunde, dakika 11 ni fremu 15,840, na dakika 79 ni 113,760. Fremu hizo 97,920 za ziada huwezi kuzijaza kwa kurefusha mbio za kukimbizana. Fupi inabebwa na swali moja: je, kidoli cha gunia kiitwacho 9 kitamweza mnyama wa chuma mwenye fuvu la paka? Kikimweza, kisa kimekwisha. Swali hilo peke yake halifiki hata nusu saa kabla mtazamaji hajaanza kuchungulia simu.

Ndiyo maana mnyama huyo, ambaye kumshinda kwake ndiko kilele cha fupi, kwenye ndefu anakatwa kichwa mapema, tena na kidoli kingine, 7, wala si 9. Nafasi yake inachukuliwa na mashine kubwa ambayo 9 anaiamsha mwenyewe bila kujua, na kosa hilo ndilo linaloisukuma hadithi mbele. Naye kidoli 5, ambaye kwenye fupi tunaonyeshwa kifo chake kwa kurudi nyuma, kwenye ndefu ni mwenzi wa safari. Nyumba imebomolewa ikajengwa upya kwa matofali yaleyale.

Dhana: Ndefu ni bora kwa sababu inaeleza kila kitu.
Inaeleza zaidi, ni kweli. Vidoli vinaongea, na tunamjua mwanasayansi aliyeviunda. Ila kwenye fupi hakuna anayesema neno: hofu iko kwenye macho, hatua na mlio wa chuma, na usichoambiwa ndicho kinachokukaza. Kwa hiyo usilinganishe kwa nakala iliyotiwa sauti ya DJ anayetafsiri na kusimulia juu ya filamu. Utamu wake uko mahali pake, lakini DJ hawezi kunyamaza dakika 11, na akishajaza ukimya huo fupi imepoteza chombo chake kikuu.

Tafuta nakala yenye sauti ya asili. Tazama fupi kwanza, mara mbili, ya pili ukiwa umezima sauti. Andika kila tukio na dakika yake. Kisha tazama ndefu ukiwa na karatasi hiyo: tukio limehamia wapi, analifanya nani sasa, na nini kimewekwa kabla yake ili lieleweke. Mng'ao wa picha uuache mwisho kabisa. Huo unapima bajeti, na mwanafunzi wa chuo, kama Acker alivyokuwa alipotengeneza fupi, hana bajeti ya studio.

Dhana: Zote mbili lazima ziwe katuni.
*Frankenweenie* ya Tim Burton ya mwaka 1984, ya nusu saa hivi, iliigizwa na watu halisi. Ndefu ya 2012 ndiyo ya vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha mojamoja. Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe, na pengine ndiyo sababu watu huzichanganya. Nusu saa nayo isikutie shaka: kwa kanuni za Oscar, filamu isiyozidi dakika 40, pamoja na orodha ya majina, bado ni fupi.