"Taa zinawaka, betri ni nzima" na maneno mengine ya gereji

"Taa zinawaka, basi betri ni nzima. Kilichokufa ni stata." Neno hili limewatoa watu pesa nyingi bure. Taa mbili za mbele hula kama ampea 9. Stata ikizungusha injini huvuta ampea 150 na zaidi. Betri iliyochoka huzimudu taa, ikaishindwa stata. Mwambie mtu apige stata huku wewe ukiziangalia taa. Zikififia hadi karibu kuzima, anza na betri na tamino, yaani vibano vya waya kwenye betri. Zikibaki kali na unasikia "tak" moja tu, hapo ishuku stata.

Hata hapo, usikimbilie kununua nyingine. Stata za Toyota nyingi za miaka ya 1990, mfano Corolla 110, zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi ya umeme ya stata. Kila ukipiga stata cheche huvila kidogo, mpaka kimoja kinabaki chembamba kama ukucha na umeme haupiti. Ndiyo maana gari inakataa mara nne, ya tano inawaka. Vipande hivyo hubadilishwa vyenyewe, kwa bei ndogo sana. Kuigonga stata kwa spana huiamsha kweli, hasa kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani yake) zikiisha, ila ni kwa kukufikisha kwa fundi tu.

Mimi niliambiwa ninunue betri mpya, nikanunua. Asubuhi ya tatu gari ikagoma tena. Kumbe waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha gari, mzima kabisa kwa nje, ulikuwa umeoza ndani ya mpira. Nilipoukunja ukamwaga unga wa kijani. Mita ingeniambia mapema: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani.

"Injini inazunguka ila haiwaki, stata mbovu." Hapana, stata imeshamaliza kazi yake. Tafuta cheche au mafuta. Gari yenye distribyuta, kile kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi, fungua kifuniko uangalie unyevu, nyufa na ncha zilizoungua.

Na tafadhali, acheni kuchomoa tamino injini ikiwaka eti mnapima altaneta, ile inayochaji betri. Volti hupanda ghafla na kuweza kuua daiodi zake, hata kompyuta ya gari. Weka mita kwenye betri injini ikinguruma: ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.5, inachaji.