Mlangoni kunabishwa, basi

Wengi wetu tulifundishwa kuisoma tamthilia kwa kuutafuta mgogoro, kisha kilele, kisha ufumbuzi. Ukiziendea hivyo zile fupi za Urusi za karne ya 19, za tendo moja, utakwama ukurasa wa kwanza.

Nikianza kuzifundisha, huanza na "Lakeiskaya" (yaani "Chumba cha Watumishi") ya Gogol. Watumishi watatu wamesinzia sebuleni, kichwa cha huyu begani kwa yule. Kengele ya mlangoni inalia. Nani akafungue? Kafungue wewe! Kwani wewe mguu una malengelenge? Kipande hiki kilitoka kwenye futuhi, yaani tamthilia ya kuchekesha, ndefu juu ya afisa aliyehangaikia nishani mpaka akarukwa na akili. Gogol aliiacha mwaka 1833, akijua kalamu yake inagongana na wadhibiti wa maandishi wa serikali. Vipande vyake akavichapisha kimojakimoja, hiki mwaka 1842. Wapo wanaoviita mabaki, mimi sikubali. Ubishi wa wavivu watatu umejitosheleza, na nyumba nzima ya bwana wao unaiona humo.

Mwaka 1846 Turgenev akatoa "Bezdenezhye", yaani "Ukata". Kijana wa kimwinyi jijini Petersburg hana hata senti. Wadai wanabisha, huyu akiondoka anakuja yule, naye anamwagiza mtumishi wake mzee, Matvei, aseme bwana hayupo. Jaribu kuwapanga upya wadai hao: mchezo hautaharibika. Kinachokukalisha kitini ni kule kubisha, na Matvei anayemsihi bwana wake warudi kijijini.

Chekhov ndiye aliyeniteka kabisa. "Juu ya Madhara ya Tumbaku" aliiandika mwaka 1886 kwa saa mbili na nusu, na mwenyewe akaona ameiharibu. Mwaka 1902 akaandika mchezo mpya kabisa, akibakiza jina la mchezo na jina la mhusika, Nyukhin. Mzee huyu amepanda jukwaani kuhutubia juu ya tumbaku, lakini maneno yanayomtoka ni ya ndoa yake ya zaidi ya miaka 30. Anavua koti kuukuu alilofungia ndoa, analikanyagakanyaga. Mara anatupa jicho pembeni: mke amesimama nyuma ya pazia, anamsubiri. Analivaa upesi.

Hapo huwaomba wanafunzi wangu wasome polepole sana. Nyukhin anawasihi wasikilizaji, mkewe akiuliza, wamwambie kwamba hotuba ilitolewa, na kwamba yeye alijiheshimu.