Dawson City: mji wa dhahabu uliojengwa juu ya barafu

Kazi yangu ni uhandisi wa udongo na misingi ya majengo, kwa hiyo nilipofika Dawson City, kaskazini-magharibi mwa Kanada, niliupita ukumbi wa kamari na kwenda moja kwa moja Third Avenue. Hapo yapo majengo ya mbao ya enzi za dhahabu yaliyoinamiana hadi yanaegemeana, na wenyeji huyaita majengo yanayobusiana. Yameachwa hivyo kwa makusudi, ili mgeni aone ardhi ya pale inavyoifanya nyumba isiyojengwa kwa tahadhari.

Chini ya mji huo udongo umeganda mwaka mzima, na maji yaliyomo ndani yake ni barafu ngumu kama zege. Tabaka la juu tu ndilo linaloyeyuka wakati wa kiangazi. Ukijenga nyumba juu yake kisha ukawasha jiko miezi minane ya baridi, joto hupenya sakafu, barafu huyeyuka, udongo hugeuka tope na nyumba hudidimia upande mmoja. Niliinama kuchungulia chini ya nyumba mojawapo iliyokarabatiwa: sakafu imeinuliwa kutoka ardhini, hewa baridi inapita kwa uhuru, na magogo yaliyopangwa kwa kupishana yamebeba jeki za chuma, ili upande ukishuka fundi aje auinue tena. Ni kwa sababu hiyohiyo barabara nyingi za mji hazina lami, na watu hutembea kwenye njia za mbao.

Barafu hiyohiyo ndiyo iliyoamua namna dhahabu ilivyochimbwa. Tarehe 16 Agosti 1896, Keish, mtu wa kabila la Tagish aliyejulikana pia kama Skookum Jim, pamoja na jamaa zake na shemeji yake George Carmack, walipata dhahabu katika kijito kilichokuja kuitwa Bonanza. Habari zilipofika Seattle na San Francisco mwezi Julai 1897, watu wapatao 100,000 walifunga safari, ingawa waliofika hawakuzidi 40,000, na wengi wao walikuta vijito vyote vyenye mali vimeshapata wenyewe.

Dhahabu ilikuwa imetulia chini kabisa, juu ya mwamba, chini ya mita kadhaa za kokoto zilizoganda. Mchimbaji aliwasha moto wa kuni ardhini usiku kucha, asubuhi akachota tope lililoyeyuka, kisha akawasha tena. Kazi hiyo ilifanywa majira ya baridi, na mtu aliyezoea maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Chunya au Geita ataelewa upesi kwa nini: kuta zilizoganda hazihitaji matimba, yaani magogo ya kuzishikilia, wala maji hayaingii shimoni. Mchanga ulirundikwa nje kusubiri maji ya machipuko ya kuuoshea.

Baadaye zilikuja mashine. Dredge No. 4, mashine ya kuchimbia dhahabu iliyo kama jengo la mbao la ghorofa nane linaloelea, ilianza kazi mwaka 1913 na kusimama mwaka 1959. Ilichimba bwawa lake mbele na kutapika kokoto nyuma, na marundo hayo bado yamejipinda bondeni kama kinyesi cha mnyoo. Kwa jicho langu, hayo ndiyo kumbukumbu ya kweli zaidi kuliko pazia lolote jekundu la ukumbini.

Watu wa Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao kambi yao ya uvuvi wa samoni ilikuwa kwenye makutano ya mito ya Klondike na Yukon, walisukumwa kando na umati huo. Chifu Isaac aliwahamishia Moosehide, kilomita chache kufuata mkondo wa mto Yukon. Tangu mwaka 2023 sehemu kadhaa za eneo hilo zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa jina la Tr'ondëk-Klondike, jina lao likitangulia.

Mwaka 1978, wajenzi waliokuwa wakichimba katikati ya mji walifukua mikanda 533 ya filamu za zamani, iliyotumika mwaka 1929 kujazia bwawa la kuogelea. Filamu hizo zilikuwa za nitreti, kemikali inayooza na kuwaka moto kwa urahisi, lakini ardhi iliyopindisha nyumba za Third Avenue ilikuwa imeihifadhi karibu miaka hamsini. Ukizitazama leo, pembeni mwa picha kuna madoa meupe yanayochezacheza, mahali maji yalipofanikiwa kupenya.