Edith Bosch na zile shaba mbili

Kila Olimpiki inapokaribia, vijana ninaowafundisha judo huniuliza swali lile lile: kwa nini mchezo wetu hutoa medali mbili za shaba katika kila uzito? Mimi huwajibu kwa kuwasimulia habari za Edith Bosch, Mholanzi wa kilo 70.

Uholanzi ni nchi ya judo hasa. Mholanzi Anton Geesink alikwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 akamshinda Mjapani Akio Kaminaga mbele ya Wajapani wenyewe, na tangu hapo Waholanzi hawajawahi kuuona mchezo huu kama wa kigeni. Kwa wanawake njia ilichelewa kufunguka. Judo yao ilionyeshwa tu kule Seoul 1988, ikaanza kutolewa medali rasmi Barcelona 1992. Hadi leo hakuna mwanamke wa Kiholanzi aliyechukua dhahabu ya Olimpiki katika judo, na Bosch ni miongoni mwa waliofika karibu kabisa: Athens 2004 aliingia fainali, akafungwa na Masae Ueno wa Japani. Mwaka uliofuata, Cairo, akawa bingwa wa dunia.

Sasa turudi kwenye shaba. Katika judo, raundi ya kwanza hadi fainali zote hupiganwa siku moja. Ukiangushwa chali asubuhi, ile ippon, pambano limekwisha hapo hapo, hata kama zimepita sekunde kumi tu. Basi mchezo umeweka mlango wa nyuma, unaoitwa repechaji: baadhi ya waliofungwa hurudishwa kuwania shaba. Wanaorudishwa hugawanywa katika pande mbili za ratiba, na kila upande hutoa mshindi mmoja wa shaba. Ndiyo maana shaba ni mbili. Aliyefungwa nusu fainali naye hashuki moja kwa moja kwenda kuvaa medali, kama watu wengi wanavyodhani. Lazima apande tena mkekani, apambane na mtu aliyetokea huko chini huku damu imeshamchemka.

Beijing 2008 ilionyesha jambo hili vizuri mno. Katika robo fainali Bosch alimfunga Ronda Rousey wa Marekani, binti aliyeogopwa kwa kukunja viwiko vya wenzake, yule yule aliyekuja kuwa nyota wa UFC, yale mapigano ya ngumi, mateke na mieleka. Kisha Bosch mwenyewe akakwama nusu fainali. Rousey akapita repechaji, pambano baada ya pambano, mpaka akafika kwenye shaba. Jioni ile wakapanda jukwaani wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa, kila mmoja na shaba yake. Mtu asiyejua ratiba ataona hesabu haijakaa sawa. Mimi naona imekaa sawa kabisa, maana wote wawili walimaliza siku kwa ushindi. Aliyepata fedha, kwa kawaida, analala akiwa na kichapo.

Kufika London 2012 mlango ule ulikuwa umebanwa. Zamani aliyefungwa na mtu aliyefika nusu fainali alirudishwa hata kama alitolewa raundi ya kwanza. London waliorudi ni waliofungwa robo fainali tu. Nafasi ya kujikwaa ikapungua. Bosch alikuwa na miaka 32, umri ambao katika judo magoti na vidole huanza kudai madeni yao, na bado tarehe 1 Agosti akaondoka na shaba nyingine. Dhahabu ilikwenda kwa Mfaransa Lucie Décosse. Kwangu mimi shaba hii ya pili ina uzito kuliko ile ya Beijing, ingawa najua wapo makocha watakaobisha.

Siku nne baadaye alikuwa uwanjani kama mtazamaji, kwenye fainali ya wanaume ya mita 100. Jamaa mmoja akarusha chupa kuelekea njia za wakimbiaji, wakati Usain Bolt na wenzake wanajiandaa kutoka. Bahati mbaya yake, karibu naye alikuwapo Bosch, ambaye alimtandika kofi la mgongo, na walinzi wakaja kumchukua. Bolt alishinda kwa sekunde 9.63, lakini Bosch alieleza baadaye kwa masikitiko kwamba vurugu ile ilimfanya aikose mbio yenyewe.

Mwaka 2013 alistaafu.