Festiva Maxima: mche mmoja unaogawanywa tangu 1851

Ukikutana na pioni nyeupe, ua kubwa la nchi za baridi, katika bustani ya zamani huko Ufaransa au Marekani, usiishie kuitazama kwa mbali. Inama, zitenge petali za katikati kwa vidole. Ukiona madoa ya rangi ya damu ya mzee kwenye petali chache za ndani, yamkini uliyoishika ni Festiva Maxima.

Aina hii ilitolewa mwaka 1851 na Auguste Miellez, mkulima wa maua wa Esquermes, karibu na Lille, Ufaransa. Asili yake ni Paeonia lactiflora, pioni ya Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, ambako mizizi yake ni dawa tangu kale. Ua la porini lina safu chache za petali na stameni (nyuzi zenye chavua) nyingi za njano. Katika Festiva Maxima stameni nyingi zimegeuka petali, ndiyo maana ua hujaa kama shungi la pamba, tena linanukia.

Mbegu za pioni za bustani hazitoi mche unaofanana na mama. Anayetaka Festiva Maxima huchimba shina zima msimu wa majani kupukutika, akaigawa mizizi yake minene kama mihogo, kila kipande kikabaki na macho (vichipukizi) matatu hadi matano. Kwa hiyo kila Festiva Maxima ya kweli, popote ilipo leo, ni kipande cha mche ule ule wa Miellez. Kwangu hilo ni la ajabu kuliko uzuri wa ua lenyewe.

Kugawana huko kulizaa vurugu pia. Vipande vilipita mikono mingi, vibao vikapotea, na wauzaji wakaiita aina moja kwa majina mbalimbali. Chama cha Pioni cha Marekani kilipoundwa mwaka 1903, kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kusafisha majina hayo. Miche ilikusanywa Chuo Kikuu cha Cornell, ikapandwa pamoja na kulinganishwa ua kwa ua. Ndiyo maana tunawasihi watu: ukinunua nyumba yenye pioni kongwe, muulize mwenyeji wa zamani jina la pioni hiyo kabla hujashika jembe.

Pioni haihitaji kuhamishwa. Ikipata jua na udongo usiotuamisha maji, huishi miaka hamsini na zaidi palepale. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuipanda kirefu mno: macho yakizidi sentimita 5 chini ya udongo, utapata majani bila maua. Sisimizi wanaotambaa kwenye vitumba waacheni. Wanalamba utomvu mtamu tu, na ua hufunguka hata wasipokuwepo. Mvua ndiyo adui wa Festiva Maxima, maana ua likilowa huwa zito na kuinamisha bua hadi chini, hivyo lifungieni nguzo mapema.

Kwa anayeuliza kama pioni itachanua Mombasa au Dar es Salaam, jibu ni hapana. Macho ya pioni yanahitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo yaamke na kuchanua.

Mche uliogawanywa unaweza kukaa miaka miwili au mitatu bila ua la maana. Usiung'oe. Mizizi inajijenga kwanza.