Je, wajua kwa nini ujitumie imeili mwenyewe kwanza kabla ya kuituma kwa watu wengi?

Mwezi uliopita hapa Mwanga, Kigoma, katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alituma taarifa ya mkutano kwa wanachama wote, kwenye kompyuta yake iko safi kabisa, jedwali la michango limenyooka. Kesho yake nusu ya watu wanasema hawajapata kitu, wengine jedwali limewafikia limetawanyika kama dagaa waliomwagika mwaloni, na waliojibu majibu yao yakaenda kwenye adresi ya zamani ambayo hata pasiwedi katibu haikumbuki.

Kumbe ile unayoiona kwenye "zilizotumwa" ni nakala yako tu, sio iliyofika. Ni kama ndoo ya mawese unayompakilia ndugu kwenye treni ya kwenda Tabora, hapa stesheni kavu kabisa, ila ikivuja njiani atakayejua ni yule anayeipokea.

Sasa kwa nini zingine hazikuonekana? SMTP, yaani utaratibu unaosafirisha imeili, ulitoka 1982 na haukuwa na namna ya kuhakiki mtumaji, unaandika jina lolote juu ya boksi na mzigo unaondoka. Matapeli wakafaidi kweli kweli. Ndo baadaye vikaongezwa vitu vitatu: SPF, orodha ya seva (kompyuta zinazosafirisha imeili) zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako, yaani lile jina linalofuata alama ya @, DKIM, sahihi ya kidijitali, na DMARC, inayomwambia mpokeaji afanye nini hizo zikifeli. Tangu Februari 2024 wanaotuma imeili kama 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail wanadaiwa zote tatu, na hata sisi wadogo tunatakiwa angalau SPF au DKIM. Domeni yetu haikuwa na hata moja, tukatupwa kwenye spamu, folda ya imeili taka.

Kujaribu sio kazi. Fungua adresi nyingine kwa kampuni tofauti na unayotumia, maana Gmail kwenda Gmail inaweza kukudanganya, jitumie, halafu fungua kwenye simu pia sio kompyuta peke yake, angalia spamu, na ujibu uone jibu linaangukia wapi (hili watu wengi hawalifanyi kabisa). Kwenye Gmail ya kompyuta bonyeza vidoti vitatu ufungue ujumbe asilia, utaona SPF, DKIM na DMARC ipi imepita ipi imefeli.

Na usione aibu, Ray Tomlinson aliyetuma imeili ya kwanza ya mtandao 1971 kule Marekani naye alikuwa anajitumia mwenyewe, kompyuta mbili ziko chumba kimoja, na alichoandika hakukikumbuka.

Katibu wetu kashika somo mpaka kapitiliza. Juzi wanachama wote tumepokea imeili moja nzuri, jedwali limenyooka, imefika inboksi bila shida, kichwa chake "jaribio la 7", alisahau kubadilisha adresi.