Mzee anajikuna kichwa: usikimbilie kusema ni uzee

Mzee akianza kujikuna kichwa, kila mtu nyumbani ana jibu lake tayari. Huyu atasema ni umri, yule atasema haoshi nywele vizuri, mwingine ataleta mafuta. Anayekosekana ni mtu wa kumsogeza karibu na mwanga, kuzipangua nywele kwa kitana na kuitazama ngozi yenyewe. Huku nyuma mzee halali usiku, kucha zinamchubua, na michubuko inaingiwa na bakteria. Inaniuma kuona watu wakivumilia hivi kwa miezi, kwa sababu vyanzo vingi vya muwasho huu vinajulikana na vina tiba.

"Ni uzee tu, atazoea"

Kauli hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inaaminika. Umri ukisonga, ngozi hutoa mafuta machache na hushindwa kutunza unyevu wake, na ngozi kavu huwasha. Lakini hata ukavu hutibika: maji ya uvuguvugu badala ya maji ya moto, shampuu isiyo kali wala manukato, na kuosha kwa kiasi. Tena ukavu ni chanzo kimoja tu kati ya vingi. Muwasho uliopita wiki 6 madaktari huuita sugu, na muwasho sugu hutafutiwa chanzo hata kama mgonjwa ana miaka 90.

"Mba ni uchafu"

Hapa ndipo wazee wengi wanapoonewa. Mba, pamoja na aina yake kali inayovimbisha ngozi na kutoa magamba ya manjano yenye mafuta, huhusishwa na malasezia, fangasi wa jamii ya hamira anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu, awe msafi au la. Tofauti iko katika namna mwili unavyompokea. Hali hii haiishii kichwani. Huonekana pia kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kifuani. Kwenye ngozi nyeupe huwa na wekundu; kwenye ngozi nyeusi huenda ukaona mabaka yaliyofifia au yaliyokolea, bila wekundu wowote.

Watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka, huipata zaidi kuliko wengine, vilevile wanaoishi na VVU. Kumwambia mgonjwa wa Parkinson kwamba kichwa kinamwasha kwa sababu ya uchafu ni kumwongezea mzigo usio wake.

Tiba yake ni shampuu yenye dawa, kama ketokonazoli, seleniamu salfaidi au zinki pairithioni. Wengi husema haikuwasaidia, na ukiwauliza walivyoitumia unakuta walipaka povu wakasuuza papo hapo. Dawa ifike kwenye ngozi, siyo kwenye nywele tu, na ikae kama dakika 5 kabla ya kusuuza. Ketokonazoli kwa kawaida hutumika mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4. Mwenye nywele za kipilipili au nywele kavu zinazokatika huhitaji kuosha kwa nafasi zaidi, kama mara moja kwa wiki. Na kwa kuwa mba hurudi, wengi huendelea nayo mara moja kila wiki moja au mbili hata baada ya kupona.

"Mpake mafuta, atatulia"

Mafuta hulainisha magamba, na kwa saa chache mtu hupata nafuu. Tatizo ni kwamba malasezia hula mafuta. Ukipaka mafuta mazito ya mimea, kama ya zeituni, na kuyaacha siku nzima kwenye kichwa chenye mba, unamlisha fangasi yuleyule unayetaka kumpunguza. Kulainisha magamba magumu kwa mafuta kisha kuyaosha kwa shampuu ya dawa ni jambo jingine, na hilo hufanyika. Magamba yakiwa mazito, meupe kama fedha, yakavuka mstari wa nywele hadi kwenye paji, na viwikoni au magotini kuna mengine, huenda ni soriasisi, ugonjwa sugu wa ngozi. Hiyo haiambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mzee taulo kwa hofu ya kuambukizwa.

"Chawa ni wa watoto wachafu"

Chawa huhama kichwa kinapogusana na kichwa, na usafi hauwazuii. Bibi anayelala na mjukuu au mzee anayehudumiwa kwa ukaribu anaweza kuwapata kama mtoto wa shule. Muwasho ni mzio wa mate ya chawa, na mtu anayewapata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa. Anza kukagua nyuma ya masikio na kisogoni. Unga wa mba hupukutika ukiugusa. Yai la chawa limeganda kwenye unywele, na hutoka kwa kuvutwa na kucha. Dawa nyingi za chawa hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu mayai hunusurika mara ya kwanza. Mafuta ya taa na dawa za kuulia wadudu wa nyumbani zisiguse kichwa cha mtu kabisa: zinaunguza ngozi, zina sumu, na mafuta ya taa hushika moto.

"Rangi hii nimeitumia miaka yote"

Mzio hauangalii ukongwe wa mazoea. Mtu anaweza kupaka rangi ileile nywele zake kwa miaka mingi bila tatizo, kisha siku moja mwili ukaikataa. Mtuhumiwa mkuu ni kemikali iitwayo parafenilinidayamini, inayotumika kwenye rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi, na wakati mwingine huchanganywa kwenye hina ili iwe nyeusi zaidi. Kinachowapoteza watu ni kwamba ngozi ya kichwa inaweza kuonekana nzima huku kope, masikio na shingo vikivimba. Tena muwasho hutokea siku 1 hadi 3 baada ya kupaka, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka rangi. Mzio huu ukishaingia, kwa kawaida haufutiki. Rangi zenye kemikali hiyo zinabidi kuachwa.

"Kichwa ni safi, hakuna upele, basi ni mawazo yake"

Sikubaliani kabisa na kauli hii. Neva zenyewe zinaweza kuleta muwasho bila ngozi kuwa na alama: kwa wenye kisukari, kwa wenye matatizo ya pingili za shingo, au baada ya mkanda wa jeshi, ambao unaweza kuacha muwasho mahali palepale hata malengelenge yakishapona.

Mkanda wa jeshi wenyewe huanza kwa kuchoma au kunyevua upande mmoja wa kichwa au paji siku chache kabla ya upele kutokea. Malengelenge yakitokea karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini. Dawa za kupunguza nguvu za virusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee.

Muwasho wa mwili mzima, kichwa kikiwemo, unaweza kutokana na figo, ini, tezi ya thairoidi au upungufu wa madini ya chuma. Vipimo vya damu husaidia kujua. Dawa nazo huchangia: za maumivu za kundi la morfini, na baadhi ya dawa za presha. Asiziache kwa uamuzi wake. Aende na dawa zote anazotumia, daktari azione. Na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huenda asiweze kusema kwamba anawashwa. Anayemhudumia ataona tu mkono usiotulia na mikwaruzo kichwani.

"Kipara hakina ugonjwa"

Kichwa kisicho na nywele hupigwa na jua kwa miongo. Doa linalokwaruza kama msasa linaweza kuwa mwanzo wa badiliko linaloelekea saratani ya ngozi, na kidonda kisichopona kwa wiki 4 kinahitaji daktari. Watu wenye ualbino wako kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa wanawake, hasa wenye asili ya Afrika, utosi unaowasha au kuuma huku nywele zikipungua unaweza kuwa ugonjwa unaoacha kovu kwenye vinyweleo. Kovu likishajikita nywele hazioti tena, kwa hiyo hilo lisisubirishwe.

"Mpe kidonge cha mzio, kitamtuliza"

Vidonge vya zamani vya mzio, kama klofeniramini, humlaza mtu, na hapo ndipo watu hudhani vimetibu. Kwa mzee huleta kuchanganyikiwa, choo kigumu, mkojo kushindwa kutoka, na kuanguka anapoamka usiku. Na muwasho wa mba, fangasi au neva haupoi kwa vidonge hivyo. Hata mapunye, ambayo watu huyaona ya watoto lakini huwapata pia wanawake waliokoma hedhi, huhitaji dawa ya fangasi ya kumeza kwa wiki kadhaa. Krimu peke yake haifiki ndani ya unywele.

Mzee anapolalamikia kichwa, umuulize pia kama kinauma. Mtu aliyepita miaka 50 ambaye kuchana nywele kumeanza kumuuma, ana maumivu mapya ya kichwa pembeni mwa paji la uso, taya humchoka anapotafuna au macho yanafifia, huenda mishipa ya damu ya kichwani imevimba. Ugonjwa huo unaweza kupofusha kabisa, bila macho kurudi tena. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.